Barua za Wasomaji: Chema Hujiuza Kikiwa Kabatini?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu anabadilisha kazi, ameshaijua kazi mpya, lakini watu bado wanamwona katika ile ya zamani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inagusa wengi.

Mhariri, salaam. Nina umri wa miaka 38, na nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Singida kwa miaka 12. Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitafsiri usiku na wakati wa likizo: katiba za vikundi, maelezo ya miradi, mikataba midogo ya upangaji. Nataka tafsiri na ukalimani viwe ndiyo kazi yangu, na nimejipa miaka miwili ya kuhama taratibu. Tatizo ni kwamba hakuna anayenijua kwa kazi hiyo. Kila niendako naitwa Mwalimu, na wanaohitaji mfasiri humtafuta mtu wa Dar es Salaam au Arusha. Rafiki yangu ananihimiza nijitangaze, lakini mimi nimelelewa katika msemo wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kila nikijaribu kuandika habari zangu mwenyewe naona aibu. Je, mtu anaweza kuonekana bila kujigamba?
*Mwalimu, Singida*

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa aibu unayoieleza naifahamu vizuri. Msemo uliolelewa nao ni wa sokoni, na huko sokoni ndiko unakopata maana yake. Chema kinajiuza kwa sababu kimewekwa juu ya meza, mnunuzi akakishika, akakinusa, akakilinganisha na cha jirani. Embe lililofungiwa kabatini halijiuzi hata likiwa tamu kiasi gani, na katiba ulizozitafsiri kwa miaka minne zimo kabatini. Anayejigamba hudai asichoweza kukionyesha. Wewe unacho cha kuonyesha, na unachotakiwa kufanya ni kukiweka mahali ambapo mwenye shida nacho atakiona.

Mimi nilikuwa mhasibu kwa miaka tisa kabla sijawa mhariri. Katika miaka mitatu ya mwisho nilikuwa nahariri miswada ya watu kila jioni, na ofisini sikumwambia yeyote, nikiamini kwamba kazi nzuri itanitafuta yenyewe. Siku moja mwenzangu tuliyekaa meza moja alinisimulia jinsi shirika la mumewe lilivyohangaika miezi miwili kutafuta mhariri wa ripoti yao ya Kiswahili, hadi wakampata mtu wa mbali kwa gharama kubwa. Nilipomwambia kwamba hiyo ndiyo kazi ninayoifanya usiku, alinitazama akasema, "Mbona hukusema?" Swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu mtu aliyenihitaji alikuwa umbali wa mita moja kutoka kwangu, kwa miaka mitatu, na mlango niliufunga mimi mwenyewe. Sitaki nawe upitie hapo.

Anza na jinsi unavyojitaja. Mtu akikuuliza unafanya kazi gani, bila shaka unajibu kwamba wewe ni mwalimu, kisha, ukipata ujasiri, unaongeza kwamba pia hutafsiri kidogo. Maneno "pia" na "kidogo" yanamwambia msikilizaji asikuchukulie kwa uzito. Jaribu kusema hivi: "Ni mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, hasa nyaraka za vikundi na mikataba, na ninafundisha lugha hizo sekondari." Hakuna uongo wala majivuno katika sentensi hiyo, na ualimu wako haujafichwa, umewekwa mahali unapoipa nguvu kazi mpya, kwa sababu mtu aliyesahihisha insha kwa miaka 12 ana jicho ambalo wafasiri wengi hawana. Sentensi hiyohiyo iweke juu kabisa ya wasifu wako wa kazi, katika LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ikiwa unao ukurasa huko, na chini ya kila barua pepe unayoituma.

Nimetaja nyaraka za vikundi na mikataba kwa makusudi. Anayejitangaza kwamba anatafsiri kila kitu hakumbukwi kwa lolote, ilhali anayetajwa kwa aina moja ya kazi hukumbukwa pale aina hiyo inapotokea. Nawe umechagua eneo zuri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nchini Tanzania yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo haja ya watu wanaoweza kuitoa lugha ya kisheria katika Kiingereza na kuiandika kwa Kiswahili kinachosomeka ni kubwa. Nje ya mipaka pia mlango umepanuka: SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipokea Kiswahili mwaka 2019 kama lugha yake rasmi ya nne, na Umoja wa Afrika ukakipitisha mwaka 2022 kuwa lugha ya kazi. Sisemi kwamba taasisi hizo zitakupigia simu mwakani. Ninasema kwamba unaingia katika fani inayokua, na kwamba huna sababu ya kuiomba radhi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo aibu inapopungua. Mtu mwenye haya huona rahisi zaidi kuzungumzia kazi kuliko kujizungumzia, kwa hiyo iache kazi iseme. Andaa kurasa tatu za mifano. Kila ukurasa uwe na aya ya Kiingereza upande wa kushoto, tafsiri yako upande wa kulia, na chini yake mistari mitano au sita inayoeleza uamuzi mmoja mgumu ulioufanya. Chukua mfano wa katiba ya kikundi cha watumia maji. Mara nyingi utaona tafsiri inayosema "koramu ya mkutano mkuu itakuwa theluthi mbili ya wanachama." Mwanachama asiyelijua neno hilo anaweza kudhani ni ada au ni cheo. Neno la Kiswahili lipo, nalo ni akidi, lakini hata hilo halijulikani na kila mkulima, na mfasiri haruhusiwi kujaza maelezo yake mwenyewe ndani ya kifungu cha kisheria. Njia ya kutoka ni kutumia "akidi" katika kifungu, kisha kumshauri mwenye katiba aongeze fasili yake mwanzoni, pale penye tafsiri ya maneno: idadi ya chini ya wanachama wanaopaswa kuhudhuria ili maamuzi ya mkutano yawe halali. Ukiandika hivyo katika mistari mitano, msomaji hahitaji kuambiwa kwamba wewe ni mfasiri makini, kwa kuwa ameuona umakini wenyewe.

Usitumie nyaraka za wateja bila idhini yao ya maandishi, hata ukifuta majina, kwa sababu katika mji mdogo watu hutambua kikundi kwa jina la mto tu. Ikiwa idhini haipatikani, tafsiri kitu kilichotolewa kwa leseni huria. Machapisho mengi ya Shirika la Afya Duniani yana leseni inayoruhusu kutafsiriwa kwa matumizi yasiyo ya biashara, mradi ueleze kwamba tafsiri si ya shirika hilo na ufuate masharti yaliyochapishwa humo. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo ni uwanja wa wazi: kila badiliko unalolifanya hubaki katika ukurasa wa historia likiwa na jina ulilojisajili nalo, na yeyote anaweza kuona ulichoandika na tarehe uliyoandika. Nimeona wafasiri wachanga wakiipuuza njia hiyo kwa sababu haina malipo. Nawaelewa, lakini makala kumi zilizotafsiriwa vizuri zinakuonyesha kuliko cheti cha semina ya siku mbili.

Ukishakuwa na kurasa hizo tatu, utampa nani? Wengi huanza na ndugu na marafiki wa karibu, kisha hukata tamaa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba watu waliopata kazi kupitia watu wanaowafahamu walizipata zaidi kwa wale wanaokutana nao mara chache kuliko kwa wale wa kila siku. Sababu yake inaeleweka: rafiki yako wa karibu anajua habari zilezile unazozijua wewe, ilhali yule mliyesoma naye chuo mkapotezana anaishi katikati ya watu ambao hujawahi kuwaona. Wafikirie wanafunzi wako wa zamani. Katika miaka 12 umefundisha mamia ya vijana, na baadhi yao leo wako katika ofisi za mawakili, katika halmashauri, katika mashirika yanayoandika ripoti za miradi. Hakuna mfasiri wa Dar es Salaam mwenye hazina kama hiyo. Mwandikie mmoja kila wiki, kwa jina lake, ukimjulia hali kwanza kama mwalimu anavyomjulia hali mwanafunzi wake, kisha ukimweleza kwa sentensi mbili unachokifanya sasa na kumwambatishia ukurasa mmoja wa mfano. Usimwombe kazi. Mwombe akukumbuke ikiwa atasikia mtu anatafuta mfasiri wa nyaraka za aina hiyo. Ombi hilo halimlemei mtu, na ndilo linalofanya jina lako litajwe ndani ya chumba ambacho wewe mwenyewe hujaingia.

Kuhusu taasisi, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, na wafasiri na wakalimani wamo humo. Fuatilia utaratibu wa kujisajili. Karibu na nyumbani, kamwone Afisa Utamaduni wa wilaya yako kabla ya tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Jitolee kutoa mada ya dakika kumi kuhusu Kiswahili katika katiba za vikundi, ukiutumia mfano wako wa akidi. Wewe ni mwalimu, kusimama mbele ya watu ni kazi yako ya kila siku, na katika kikao cha namna hiyo wanakuwamo viongozi wa ushirika na maofisa wa maendeleo ya jamii, ambao ndio hasa wenye nyaraka.

Ukalimani nakushauri uutenge kwa sasa, na hapa natofautiana na mpango wako. Ukalimani wa papo kwa papo, yaani kutafsiri kwa mdomo huku msemaji akiendelea kusema, hufanyika ndani ya kibanda, wakalimani wawili wakipokezana kila baada ya nusu saa hivi kwa sababu akili huchoka, na hauji kwa kujua lugha mbili tu. Unahitaji mafunzo, kama yale yanayotolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukijitangaza kuwa mkalimani kabla ya hapo na mkutano ukakushinda mbele ya watu mia, wataikumbuka siku hiyo kuliko tafsiri zako zote nzuri.

Jambo la mwisho kwako: wewe ni mwajiriwa. Soma masharti ya ajira yako, na umweleze mkuu wako wa shule kwa maandishi kuhusu kazi unayoifanya nje ya saa za shule, ili kuonekana kwako kusije kukakugeuka siku jina lako litakapoanza kusikika.

Hujambo Mhariri? Nilifanya kazi mapokezi katika hoteli za Diani kwa miaka saba. Mwaka jana nilimaliza mafunzo ya kufunga umeme wa jua, na tayari nimefunga nyumba sita, nyingi zikiwa za jamaa. Lakini simu ninazopigiwa bado ni za kuulizia vyumba. Nikisema mimi ni fundi wa sola, watu huuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nifanyeje nionekane?
*Dada wa Ukunda*

Dada yangu, swali hilo la "fundi mwenyewe yuko wapi" linaudhi, na una haki ya kuudhika. Kulijibu kwa maneno kunachosha, kwa hiyo acha karatasi na kazi zikujibie. Kenya ina leseni za mafundi wa umeme wa jua, za madaraja ya T1, T2 na T3, zinazotolewa na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Ikiwa bado hujaichukua ya daraja lako, hilo ndilo la kwanza, kwa sababu mteja asiyekujua anaweza kuitumia kukutofautisha na mtu aliyejifunza kwa kubahatisha. Ukiwa nayo, daraja na namba yake viandike katika kila nukuu ya bei unayoitoa.

Kisha zirudie nyumba zako sita. Nenda ukakague kila moja bila malipo: futa vumbi kwenye paneli, kaza nyaya zilizolegea, pima betri. Kabla ya kuondoka, bandika kando ya kidhibiti chaji, kile kifaa kinachoongoza ujazaji wa betri, kibandiko kidogo cha plastiki chenye jina lako, kazi yako, namba ya simu na tarehe ya ukaguzi. Kibandiko hicho kitakaa hapo miaka, na jirani atakayekuja kuuliza kwa nini taa za nyumba hii hazizimiki umeme unapokatika ataoneshwa jina lako ukutani. Omba pia ruhusa ya kupiga picha mbili, moja ukiwa juu ya paa unafanya kazi na nyingine ya nyaya zilivyopangwa. Hiyo ya pili usiidharau. Nyaya zilizofungwa kwa mpango, zenye lebo, zimenyooka kwenye ukuta, ndizo zinazomwonyesha anayejua kwamba aliyezifunga ni fundi.

Mahali pa kupeleka picha hizo ni hadwea. Mtu anayejenga Ukunda au Msambweni huuliza fundi pale anaponunua vifaa, na mwenye duka hupendekeza mtu ambaye hatamletea lawama. Wafuate wenye maduka wawili au watatu, uwaonyeshe leseni, na uwape namba za wateja wawili waliokubali kuulizwa.

Miaka yako saba ya mapokezi pia usiitupe. Unawajua mameneja wa hoteli kwa majina, nao wanakujua kuwa mtu anayepokea simu na kutimiza ahadi. Namba yako ya simu usiibadilishe. Atakayepiga kuulizia chumba, msaidie kumwelekeza, kisha umwambie kwa sauti ileile ya mapokezi kwamba siku hizi unafunga umeme wa jua.

Mhariri, ninafanya kazi benki jijini Dar es Salaam na ninajiandaa kuhamia fani ya usafirishaji na ugavi. Nikibadilisha wasifu wangu LinkedIn, bosi wangu ataona. Nisipobadilisha, waajiri wapya hawatanijua. Nichague lipi?
*Mwenye wasiwasi, Ilala*

Unaweza kuupunguza wasiwasi huo kwa kwenda polepole. Katika mipangilio ya LinkedIn kuna sehemu ya kuzima taarifa zinazotumwa kwa watu wako kila unapogusa wasifu. Izime kabla ya kubadilisha neno lolote. Ile alama ya kwamba unatafuta kazi inaweza kuwekwa ionekane na wanaoajiri peke yao. Mtandao huo hujaribu kuificha kwa waajiri wa kampuni yako mwenyewe, lakini wenyewe wanasema kwamba hawawezi kukuhakikishia, kwa hiyo mimi nisingeiweka kabisa ukiwa bado kazini.

Badala yake, ongeza yale ambayo bosi yeyote angeyaona kuwa maendeleo ya kawaida: kozi ya ugavi uliyoisoma, na maelezo ya sehemu ya kazi yako ya benki inayogusa fani hiyo. Ikiwa umewahi kushughulikia barua za dhamana za waagizaji wa mizigo, au mikopo ya wenye malori, hayo ni mambo ya ugavi yaliyovaa sare ya benki, na watu wa bandarini watayatambua mara moja. Yaeleze kwa jumla, bila jina la mteja wala kiasi cha fedha.

Mengine yafanye ana kwa ana. Wateja wako wa usafirishaji wanakujua tayari, ila usiwaombe kazi ukiwa nyuma ya meza ya mwajiri wako. Hudhuria mikutano ya fani yao kwa muda wako mwenyewe, ukae viti vya mbele, uulize swali moja ulilolitayarisha vizuri, na utaje jina lako kabla ya kuliuliza.